James Parkinson, daktari wa mtaa aliyetazama watu wakitembea

Babu yangu anaishi Eastlands, na kwa muda mrefu mtaa mzima ulikuwa umeamua kwamba yeye ni mlevi. Ukimwona akitoka dukani utaelewa kwa nini. Anaanza na hatua ndogo ndogo, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni. Halafu hatua zinashika kasi bila yeye kutaka, kifua kimetangulia, miguu inajaribu kukifikia, na mwisho anajikuta anakimbia akitafuta ukuta wa kushika. Siku moja makanga alimkataza kupanda matatu, eti hataki mtu wa kumtapikia gari. Mzee hajaonja pombe tangu aokoke, na hiyo ilikuwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Ana ugonjwa wa Parkinson. Kwetu nyumbani jina hilo limetajwa mara nyingi mpaka likawa kama la mpangaji fulani aliyehamia ploti na kukataa kutoka. Nikajiuliza, huyu Parkinson mwenyewe alikuwa nani?

Nikaingia mtandaoni, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni uongo. Utaona picha ya mzee mwenye ndevu za kutisha, imebandikwa kila mahali kwamba ndiye yeye. Si yeye. James Parkinson alikufa 1824, kabla kamera haijaanza kupiga picha za watu. Hao wanaozunguka mtandaoni ni watu wengine waliobahatika kuitwa jina kama lake. Hakuna picha wala mchoro wake hata mmoja uliothibitishwa. Sura yake hatuijui. Tunachojua vizuri ni macho yake, yaani vile alivyokuwa anaangalia vitu.

Alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 huko Hoxton, wakati huo pembeni mwa London, mahali palipokuwa panaanza kujaa watu na karakana. Baba yake, John, alikuwa daktari wa mtaa wa aina ile ya zamani: anachanganya dawa mwenyewe, anapasua jipu, anaunga mfupa, anaitwa usiku na kwenda kwa miguu. James alijifunza kazi hiyo kama vile fundi wa pikipiki anavyojifunza leo. Unakaa kwa fundi mkubwa, unatumwa, unashika taa, unaangalia, siku moja unapewa spana. Mwaka 1776 alienda London Hospital kwa miezi kadhaa kusaidia kufunga vidonda, na 1784 akaidhinishwa kuwa mpasuaji. Shahada ya chuo kikuu hakuwahi kuwa nayo.

Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili niliisoma hiyo sentensi mara mbili. Lakini tusijidanganye. Jamaa hakuacha kusoma. Mwaka 1785 alikuwa akihudhuria mihadhara ya John Hunter, mpasuaji aliyekuwa na jina kubwa London nzima, na kwa sababu alikuwa amejifunza hatimkato aliweza kunakili karibu kila neno. Mwanawe alikuja kuzichapisha nakala hizo kitabu kizima mwaka 1833, babake akiwa kaburini tayari. Aliamini daktari kijana anapaswa kujua hatimkato.

Kabla ya hapo, mwaka 1777, akiwa na miaka 22, yeye na babake walikuwa wamemrudishia uhai mtu aliyekutwa amejinyonga, na chama kimoja cha huko kilichoshughulika na kuokoa watu kikampa nishani ya fedha. Baba alipokufa, James akabaki na zahanati. Alimwoa Mary Dale, wakapata watoto, na mwanawe John naye akaingia kazini. Kanisa la mtaa wao, St Leonard's la Shoreditch, ndipo alipobatizwa na ndipo alipofungia ndoa. Maisha yake yote yalizunguka ndani ya eneo ambalo ungelimaliza kwa miguu asubuhi moja.

Sasa usifikirie ni mzee mpole wa miwani. Miaka ya 1790, Ufaransa ilikuwa imepindua mfalme wake na serikali ya Uingereza ilikuwa inaota jinamizi kila usiku. Watu wengi wa kawaida hawakuwa na kura. Parkinson alijiunga na London Corresponding Society, chama cha mafundi na wachuuzi kilichodai kila mwanamume apige kura, na akaanza kuandika vijitabu vikali vya kuisuta serikali. Hakuvitia jina lake. Alijiita Old Hubert. Leo tungesema alikuwa na akaunti fiche, na mnajua wenyewe akaunti kama hizo huwa zinatafutwa na nani.

Mwaka 1794 mambo yakaharibika. Wenzake kadhaa walikamatwa kwa madai kwamba walipanga kumuua Mfalme George III ndani ya ukumbi wa michezo, kwa mshale mdogo wenye sumu uliofyatuliwa kutoka kwenye bunduki ya hewa. Kesi ilionekana kama kichekesho, lakini adhabu ya uhaini haikuwa kichekesho hata kidogo. Parkinson aliitwa kuhojiwa mbele ya Baraza la Mfalme, na Waziri Mkuu William Pitt alikuwa miongoni mwa waliokaa kumsikiliza. Alikuwa na mke, watoto na zahanati ya kupoteza. Alikataa kula kiapo mpaka wamhakikishie kwamba hatalazimishwa kujitia mwenyewe hatiani, kisha akakiri waziwazi kwamba Old Hubert ndiye yeye. Washukiwa mwishowe waliachiliwa. Yeye akarudi Hoxton kutibu watu, na siasa za vijitabu zikapungua.

Baada ya hapo aliandika kila kitu. Vitabu vya afya kwa familia zisizo na pesa ya daktari, kitabu cha kemia cha kubeba mfukoni, kijitabu cha kuwaonya watoto kuhusu michezo ya hatari, kitabu kuhusu jongo, ugonjwa uliokuwa ukimtesa yeye mwenyewe. Alihudumu pia kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, na 1811 akaandika kuhusu sheria za kuzisimamia nyumba hizo. Halafu kulikuwa na mapenzi yake makubwa, visukuku: konokono wa mawe, mifupa ya mawe, mimea iliyogeuka jiwe. Alitoa juzuu tatu kuhusu visukuku kati ya 1804 na 1811, na mwaka 1807 alikuwa mmoja wa watu 13 walioanzisha Chama cha Jiolojia cha London mezani, wakila chakula cha jioni. Kuna mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba aliyepewa jina lake, Parkinsonia. Alipokuwa hai, huko ndiko alikojulikana zaidi. Ungemwambia kwamba atakumbukwa kwa kijitabu cha kurasa 66, labda angecheka.

Kijitabu chenyewe kilitoka 1817. Alikuwa na miaka 62. Alikiita insha, kuhusu ugonjwa wa kupooza wenye kutetemeka. Ndani yake kuna wagonjwa sita tu, na hapa ndipo nilipompenda mzee huyu: baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake. Aliwaona barabarani. Anatembea zake Hoxton, anamwona mtu anapita vile babu yangu hupita, anasimama. Wawili aliwasimamisha akawauliza ilianza lini, ilianzia mkono upi. Mmoja alikuwa mtumishi katika ofisi ya hakimu, mwingine baharia wa zamani. Mwingine alimwona kwa mbali tu.

Huyo wa mbali ndiye simsahau. Alikuwa bwana mwenye uwezo, ana msaidizi. Hakuweza kutembea kabisa, aliweza kukimbia tu. Msaidizi alisimama mbele yake na kumshika mabega yote mawili. Bwana akajiyumbisha taratibu mbele na nyuma mpaka akapata mizani, akatoa amri, akachomoka mbio. Msaidizi akateleza pembeni na kumtangulia, tayari kumdaka. Hatua kama ishirini, basi, wanasimama, wanaanza upya. Hebu fikiria kwenda kwenye steji namna hiyo.

Watu walikuwa wameona kutetemeka tangu zamani. Alichofanya Parkinson ni kuunganisha vitu ambavyo kila mtu aliviona peke yake peke yake: mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama, nguvu za misuli zinazofifia, na ule mwendo unaogeuka mbio bila mwenyewe kupenda. Akasema hivi vyote ni ugonjwa mmoja, unaokuja polepole miaka na miaka. Na kuanguka alikuandika. Jina aliloupa ugonjwa lilikuwa la kutetemeka, lakini kurasa zake zimejaa miguu.

Alikosea pia. Alidhani chanzo kiko kwenye uti wa mgongo, sehemu ya shingoni. Alidhani akili ya mgonjwa haiguswi kamwe, na leo tunajua kwamba kwa wengine huguswa. Kuhusu tiba, alipendekeza kutoa damu kwenye shingo na kuchubua ngozi hapo mpaka ifanye malengelenge, kisha kuzuia kidonda kisipone kwa kuwekea kipande cha kizibo. Mazee! Lakini ilipofika kwenye dawa za kumeza, mtoto huyu wa mchanganya dawa, aliyeishi kwa kuuza chupa na vidonge, alisimama. Aliandika kwamba mpaka tuujue ugonjwa huu vizuri zaidi, hakuna sababu ya kutosha kumnywesha mgonjwa kitu. Angeweza kubuni mchanganyiko wake, auite kwa jina lake, atajirike. London ya wakati huo ilikuwa imejaa watu wa hivyo, na Nairobi ya leo pia inao. Yeye alisema hana, akawaomba waliobobea katika upasuaji wa maiti watafute chanzo, na akaeleza matumaini kwamba siku moja kitu cha kuuzuia ugonjwa usisonge mbele kitapatikana.

Desemba 1824 kiharusi kilimpata, kikampooza upande mmoja na kumnyang'anya maneno. Alifariki tarehe 21 Desemba, akiwa na miaka 69. Akazikwa St Leonard's, kanisa lilelile. Ugonjwa haukuwa na jina lake bado. Hilo lilifanywa miaka hamsini hivi baadaye na Mfaransa Jean-Martin Charcot, mkuu wa madaktari wa neva katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Charcot aliona kwamba kuna wagonjwa wasiotetemeka hata kidogo, kwa hiyo jina la kutetemeka halifai, akasema tuuite wa Parkinson.

Charcot huyohuyo ndiye aliyewapa wagonjwa dawa iliyofanya angalau kitu. Ilitoka kwenye mimea yenye sumu ya jamii ya mnanaha. Ilipunguza kutetemeka kidogo, na watu wakaitegemea hiyo na jamaa zake karibu miaka mia. Kwa kutembea, haikuwa na la maana.

Mlango ulifunguka miaka ya 1950. Mswidi Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa iliyomaliza kemikali inayoitwa dopamini kwenye ubongo. Wakalala kama magunia, masikio chini. Akawadunga levodopa, malighafi ambayo ubongo hutumia kutengeneza dopamini, na wakainuka. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz alipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson akakuta dopamini imekauka. Mwaka uliofuata, yeye na Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa walio hai levodopa. Waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani waliinuka. Wengine walitembea, kwa saa chache, kisha ikaisha. Mwaka 1967 George Cotzias, daktari Mgiriki aliyefanya kazi karibu na New York, akagundua siri ya kuifanya idumu: unaimeza, unaanza na kidogo sana, unapandisha polepole kwa wiki nyingi mpaka kiasi kikubwa. Baadaye ikachanganywa na karbidopa, inayoizuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kichwani, na kichefuchefu kikapungua.

Na sasa kitu kitakachowashangaza waliosomea shule za mashambani. Mnakumbuka upupu? Ule ambao mtoto mtukutu alikuwa anaumwaga kwenye kiti cha mwalimu, au kwenye shati lako siku ya michezo? Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Sisemi uende ukasage. Mbegu moja si sawa na nyingine, kiasi hakijulikani, na ikigongana na vidonge vya hospitali mzee anaweza kuumia. Lakini kila nikikumbuka nilivyojikuna darasa la sita, natamani ningempelekea Parkinson mfuko mmoja.

Levodopa ndiyo dawa ya babu. Akiimeza saa moja asubuhi, kabla ya chai na mayai maana chakula cha protini huichelewesha, kufikia saa mbili hatua zake zimerefuka, mkono unabembea, anasalimia watu. Ikianza kuisha, unaona miguu inagandishwa sakafuni mlangoni, kama imepigwa gundi. Kitu ambacho haimsaidii sana ni mizani. Anatembea haraka zaidi na vizuri zaidi, na bado anaanguka. Mwaka jana alianguka jikoni akavunjika kifundo cha mkono, na dawa ilikuwa inafanya kazi saa hiyo. Madaktari wanalijua hili vizuri: dopamini inarudisha mwendo, lakini kusimama imara ni hadithi nyingine.

Sehemu ya hadithi hiyo ni umakini. Sisi tunatembea huku tukisoma simu. Mtu mwenye Parkinson analazimika kuifikiria kila hatua. Mwite babu kwa jina akiwa anavuka chumba na utaona: ama anasimama kujibu, ama anajibu na kuyumba. Kemikali inayohusika zaidi na umakini huo inaitwa asetilikolini, na seli zinazoitengeneza nazo hufa katika ugonjwa huu. Cha kuchekesha, dawa za Charcot zilikuwa zinaizuia hiyohiyo.

Kwa hiyo watafiti wa Bristol, Uingereza, wakajaribu kinyume chake. Walichukua rivastigmini, dawa inayotumika tayari kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu, inayofanya asetilikolini isiharibiwe haraka. Walikusanya watu 130 wenye Parkinson, kila mmoja akiwa ameanguka ndani ya mwaka uliotangulia. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kisicho na kitu, wiki 32. Matokeo yalichapishwa 2016: hatua za waliopewa dawa zilikuwa sawa sawa zaidi, moja ikifanana na nyingine, na walianguka mara chache zaidi kwa mwezi, pungufu ya asilimia 45 wakilinganishwa na wenzao. Wengine walipata kichefuchefu na kutapika, hiyo haifichwi. Kundi hilo likaanzisha jaribio kubwa zaidi, lililolenga watu 600, ili kujua kama kweli mtu apewe dawa hii kwa ajili ya kuanguka tu.

Asili ya rivastigmini nayo ni mbegu, maharagwe ya Calabar huko Nigeria. Zamani Waefik walimnywesha mshukiwa sumu yake kupima kama ana hatia. Ukitapika umepona, usipotapika umekwisha. Kutoka kwenye sumu hiyo wanakemia walipata umbo la dawa walilolirekebisha mpaka likawa kidonge.

Babu hajaandikiwa hiyo. Tulimuuliza daktari wake kliniki, naye akasema tuzungumze tena baada ya kuangalia moyo wa mzee, kwa sababu dawa hiyo inaweza kupunguza mapigo. Tumepewa tarehe. Kwa sasa nimemchorea mistari ya chaki mlangoni, mguu ukiganda anaurusha juu ya mstari na unaitikia, sijui nani aligundua hilo lakini linafanya kazi. Jumamosi nilimsindikiza steji. Nilitangulia mbele yake, nikitembea kinyumenyume, mikono tayari. Makanga mmoja akauliza mzee amekunywa nini. Babu akasimama kabisa kwanza, ili asianguke, ndipo akamjibu kwamba amekunywa uji.